Kuwekewa mbegu kwenye mfuko wa uzazi: mpira, mkono na saa

Karibu kila anayejiandaa kuwekewa mbegu kwa njia ya IUI hufika mahali akauliza kuhusu ule mpira mwembamba unaopitisha mbegu. Ni laini au mgumu? Ni wa kampuni gani? Je, ule wa bei ya juu ndio unaoshikisha mimba? Swali linaeleweka, maana mpira ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mgonjwa anaviona kwa macho yake vikitolewa kwenye pakiti. Lakini mara nyingi mimba inapokosekana kwenye IUI, mpira hauna kosa. Yai lilishapita, au mbegu zilizobaki baada ya kuoshwa zilikuwa chache, au mirija imeziba na hakuna aliyeiangalia. Na mara nyingine hakuna sababu yoyote ya kuonyesha kwa kidole, kwa kuwa hata wenzi wasio na tatizo hawashiki mimba kila mwezi wanapojaribu.

Hata hivyo vifaa na mkono wa anayevishika vina kazi yake. Bomba la sindano lisilofaa linaweza kudhoofisha mbegu zilizoandaliwa vizuri, na mkono wenye haraka unaweza kuumiza mfuko wa uzazi kwa sekunde chache. Mwongozo huu unafuata safari hatua kwa hatua, na unakaa zaidi pale ambapo mgonjwa huwa haelezwi.

Hatua ya 1: Hakikisha njia hii inakufaa

IUI ni kuchukua mbegu za kiume zilizooshwa maabara, kuziweka kwenye majimaji kidogo sana, kwa kawaida mililita 0.3 hadi 0.5, na kuzipitisha kwenye mlango wa kizazi hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Inafupisha njia, basi. Mbegu bado zinatakiwa kuogelea hadi kwenye mrija na kurutubisha yai zenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kifaa chochote, mambo matatu yawe yamethibitishwa: angalau mrija mmoja uko wazi, yai linatoka (lenyewe au kwa msaada wa dawa), na mbegu zinatosha.

Mirija huangaliwa kwa picha ya HSG, ambapo dawa inayoonekana kwenye eksirei hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na kufuatiliwa ikimwagika upande wa pili. Usikubali kurudia IUI mzunguko baada ya mzunguko ilhali mirija haijawahi kuangaliwa. Ni kulipia safari ya basi bila kujua kama daraja lipo.

Kuhusu mbegu, viwango vya rejea vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 vinataja ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Namba hizo zinasaidia kusoma majibu ya kipimo, lakini kwa IUI namba yenye uzito zaidi ni nyingine: ni mbegu ngapi zinazotembea zimebaki baada ya kuoshwa. Vituo vingi hupenda kuona angalau milioni 5. Zikishuka chini ya milioni 1, nafasi inakuwa finyu sana na mazungumzo ya IVF, yaani kurutubisha yai maabara nje ya mwili, yanapaswa kuanza mapema badala ya kupoteza miezi.

Hatua ya 2: Panga saa, si siku tu

Yai likishatoka linaweza kurutubishwa kwa saa 12 hadi 24 hivi. Katika tendo la ndoa la kawaida ufinyu huo hausumbui sana, kwa sababu mbegu hujificha kwenye ute wa mlango wa kizazi na kupanda juu kidogo kidogo, baadhi zikiishi hadi siku 5. Mbegu zilizooshwa zimeuruka ute huo. Zimewekwa moja kwa moja juu na hazina ghala la kujihifadhi, kwa hiyo huishi muda mfupi zaidi. Ndiyo maana kwenye IUI kukosea saa kunagharimu kuliko nyumbani kitandani.

Kama unafuatiliwa kwa ultrasaundi, daktari husubiri kifuko cha yai kikue hadi milimita 18 hadi 20 hivi, kisha unachomwa sindano ya hCG ya kukomaza na kutoa yai. Mbegu huwekwa saa 24 hadi 36 baadaye. Kama unatumia vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayopanda yai linapokaribia kutoka, kwa kawaida huwekewa siku inayofuata baada ya kipimo kuonyesha kupanda.

Sindano ya hCG ndiyo inayoharibiwa kirahisi zaidi na mgonjwa mwenyewe. Ukiambiwa uchome saa nne usiku, ni saa nne usiku, si baada ya tamthilia kuisha. Andika dakika uliyochoma. Ukichelewa, sema. Kituo kinaweza kusogeza saa ya kuweka mbegu, lakini hakiwezi kusogeza kwa taarifa ambayo hakina. Wapo wanaoona aibu kusema walichelewa, na aibu hiyo inawapotezea mzunguko mzima.

Ultrasaundi ikionyesha vifuko vikubwa vitatu au zaidi, usishangae daktari akisitisha mzunguko. Kwa mtu aliyesubiri miaka, kuwa na mayai mengi husikika kama habari njema. Si njema. Mimba ya watoto watatu huleta hatari kubwa ya kujifungua kabla ya wakati, na mama naye hupata matatizo mengi zaidi.

Wengine huuliza kama ni bora kuwekewa mara mbili ndani ya mzunguko mmoja. Kwa wenzi wengi hakujaonekana faida ya wazi, kwa hiyo usijione umepunjwa ukiwekewa mara moja.

Hatua ya 3: Sampuli ya bwana

Kujizuia kwa siku 2 hadi 5 kunatosha. Wanaume wengi hujizuia wiki mbili wakidhani wanajaza ghala. Kweli idadi inaongezeka, lakini zinazoongezeka ni mbegu zilizochoka, na uwezo wa kutembea unashuka.

Chombo kiwe kile ulichopewa na kituo. Kopo la nyumbani, hata likichemshwa, linaweza kubaki na masalia ya sabuni. Mate, mafuta ya kupaka, losheni na vilainishi vingi vinavyouzwa madukani hudhuru mbegu, na kondomu za kawaida pia hazifai kukusanyia. Kama ni lazima kutumia kilainishi, omba kituo kikupe kinachokubalika kwa mbegu.

Jambo moja linalosahaulika: sehemu ya kwanza ya shahawa inayotoka ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Tone la mwanzo likimwagika nje ya kopo, hata kama kilichobaki kinaonekana kingi, mwambie mtu wa maabara. Ataandika kwenye fomu, na majibu yakitoka madogo itajulikana kwa nini.

Ikiwa sampuli inatolewa nyumbani, ifike ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili, ndani ya nguo. Isiwekwe kwenye friji wala kwenye dashibodi ya gari juani. Jina, tarehe na namba ya faili viandikwe kwenye kopo lenyewe, si kwenye mfuniko peke yake, maana mifuniko hutolewa na kuwekwa pembeni.

Mwanaume kushindwa kutoa sampuli siku yenyewe ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Kama bwana anajijua kwamba presha humshinda, aweke sampuli ya akiba ikagandishwe mapema. Ni rahisi kuliko kukaa kwenye kile chumba kidogo huku mke ameshachomwa sindano na saa inakwenda.

Hatua ya 4: Kinachofanyika maabara

Shahawa huachwa zilainike kwa nusu saa hivi, kisha zinaoshwa. Kuosha si anasa. Ndani ya shahawa kuna prostaglandini, kemikali zinazofanya mfuko wa uzazi ukaze kwa nguvu, pamoja na bakteria na mbegu zilizokufa. Katika tendo la ndoa mlango wa kizazi huvichuja hivi. Ukivipitisha kwa mpira bila kuosha, unamletea mama maumivu makali na hatari ya maambukizi.

Njia za kuosha ni tatu: kuosha tu na kuzungusha kwenye sentrifuji, kuziacha mbegu zenye nguvu ziogelee zenyewe kwenda juu kwenye majimaji safi, na kuzipitisha kwenye majimaji yenye tabaka za uzito tofauti ili nzuri zitue chini. Hakuna ushahidi thabiti kwamba moja inazidi nyingine kwa idadi ya mimba. Mtaalamu wa maabara huchagua kwa kuangalia sampuli: yenye mbegu nyingi hustahimili ile ya kuogelea, yenye mbegu chache au uchafu mwingi hupelekwa kwenye tabaka. Mwachie uamuzi. Wewe chukua namba moja tu: ni milioni ngapi zinazotembea baada ya kuosha? Iandike.

Mbegu zikishaandaliwa zisikae sana. Kama daktari anachelewa, ni haki yako kuuliza kwa upole zimeandaliwa saa ngapi na zimehifadhiwa kwenye joto gani.

Hatua ya 5: Vifaa mezani

Tuanze na kisichoangaliwa na mtu: bomba la sindano. Mabomba mengi ya hospitali yana sehemu tatu, yaani mwili wa plastiki, kisukumio, na kofia nyeusi ya raba kwenye ncha ya kisukumio. Raba hiyo na mafuta yake ya kulainisha vinaweza kudhuru mbegu zinapogusana navyo. Ndiyo maana vituo makini hutumia mabomba ya sehemu mbili, plastiki tupu, kisukumio kikiwa hakina raba. Utaitambua tofauti kwa kutazama tu: kama ncha ya kisukumio ni nyeusi, uliza. Bomba lenyewe liwe dogo, la mililita 1, kwa sababu kusukuma mililita 0.4 kwa bomba la mililita 10 ni kubahatisha.

Jeli ni ya pili. Kifaa cha kupanulia uke, spekulamu, huingia vizuri zaidi kikipakwa jeli, lakini jeli ya kawaida ikifika kwenye mlango wa kizazi inagusana na mpira na kubebwa ndani. Maji ya uvuguvugu au maji ya chumvi ya hospitali yanatosha kulainisha, tena yanapunguza ule ubaridi wa chuma unaomfanya mama akaze misuli yote.

Joto halikuanza kuzingatiwa jana. Katika karne ya 18 huko London, daktari mpasuaji John Hunter alimshauri mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye tundu la uume wake halikuwa mahali pake, akusanye shahawa kwa bomba lililopashwa joto na kuziingiza kwenye uke wa mkewe. Mke alishika mimba. Bomba lile halikuwa na chapa wala pakiti, lakini Hunter alijua lisiwe la baridi.

Sasa mpira. Ipo laini inayojipinda kufuata njia, na migumu kidogo inayoshika umbo. Mingine ina ala ya nje inayotangulia hadi karibu na mlango wa ndani, kisha mpira laini unapita katikati yake. Ncha nzuri ni ya mviringo, haina ukingo wa kukwangua. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha laini na migumu kwenye IUI hayakupata tofauti ya maana katika idadi ya mimba. Wengi hushangaa, kwa sababu wamesikia kwamba mpira laini ni bora, na wamesikia kweli, ila ni kwenye IVF, wakati wa kuhamisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kwenda ndani ya mfuko. Kiinitete hakiogelei. Kinaachwa pale ulipokiweka, na kama utando wa mfuko umekwanguliwa au mfuko unakaza, kinapata shida. Mbegu ni mamilioni na zinasafiri zenyewe, kwa hiyo zinasamehe zaidi.

Ushauri wangu: usiongeze pesa kwa ajili ya jina la mpira. Kama kuna pesa ya ziada, afadhali iende kwenye ultrasaundi moja zaidi ya kufuatilia yai.

Hatua ya 6: Namna mbegu zinavyowekwa

Kabla ya yote, majina. Wewe, bwana wako kama yupo, na mtoa huduma msome pamoja jina na namba kwenye kichupa cha maabara au bomba. Sema jina lako wewe mwenyewe, usisubiri kuulizwa "wewe ndiye fulani?" halafu uitikie. Wenye msongo wa mawazo huitikia chochote.

Njoo na kibofu kilichojaa kiasi. Kwa wanawake wengi mfuko wa uzazi umeinamia mbele, na kibofu kikijaa kinauinua na kunyoosha njia kati ya mlango na mfuko. Kama wako umeinamia nyuma, kibofu kilichojaa hakitasaidia na huenda kikazidisha pembe, kwa hiyo uliza mapema upande wako ni upi.

Spekulamu ikishawekwa, mlango wa kizazi hufutwa kwa pamba yenye maji ya chumvi, na ute mzito ulioziba tundu hutolewa. Ute huo ukiachwa unaziba ncha ya mpira, na mbegu hazitoki. Bomba hujazwa kwa namna ambayo hewa kidogo hubaki nyuma ya mbegu, ili mwishoni hewa hiyo isukume tone la mwisho lililobaki ndani ya mpira. Pasipo hivyo, sehemu nzuri ya ujazo mdogo kama huo hubaki kwenye mpira na kutupwa nao.

Kisha mpira unaingia. Mtoa huduma mzuri hasukumi, anatafuta. Anafika mlango wa ndani, anahisi kizuizi kidogo, anasubiri, anabadili pembe, kisha kunaachia. Akishapita hapo hana haja ya kwenda mbali. Mfuko wa uzazi una urefu wa sentimita 7 hivi, na mpira una alama za sentimita pembeni. Kuingiza hadi karibu sentimita 6 kunatosha. Kosa kubwa hapa ni kwenda hadi kugonga dari ya mfuko. Uchunguzi wa ultrasaundi katika majaribio ya kuhamisha kiinitete umeonyesha kwamba kugusa dari kunaamsha mikazo mikali inayosukuma majimaji kutoka mahali yalipowekwa. Ukisikia maumivu ya ghafla yanayochoma juu, karibu na kitovu, sema pale pale: "Daktari, hapo panauma sana, naomba usimame kidogo." Mtoa huduma anayejua kazi atarudisha mpira nyuma kidogo, na hatakasirika.

Majimaji yasukumwe polepole, nusu dakika au zaidi. Baadhi ya watoa huduma hulegeza spekulamu kidogo kabla ya kusukuma, mlango wa kizazi ukaukumbatia mpira na kuzuia mbegu zisirudi nje. Ni tendo dogo, halina gharama.

Kilichobaki ni kutoa mpira, na hapa ndipo haraka huharibu. Kidole gumba kibaki kimekandamiza kisukumio hadi mpira wote uwe nje. Kikiachiliwa mapema, kisukumio kinarudi nyuma chenyewe na kunyonya sehemu ya kilichowekwa. Baada ya hapo ncha ya mpira iangaliwe: ina damu? ina ute? Jibu liandikwe kwenye faili lako. Damu kidogo haimaanishi mzunguko umeharibika, lakini ikijirudia inasema kitu.

Hatua ya 7: Mlango ukikataa

Kwa wanawake wengi kazi yote humalizika ndani ya dakika chache, na kinachosikika ni msokoto kama wa hedhi. Kwa wachache mpira haupiti. Labda mlango ni mwembamba kutokana na upasuaji wa zamani, labda njia imepinda sana, labda ncha inanasa kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua. Hapa ndipo aina ya mpira inapopata maana: laini unajikunja mlangoni na kugoma, na mtoa huduma anahitaji wenye ala, au mgumu kidogo anaoweza kuupinda kidogo kwa mkono ufuate umbo la njia.

Mpangilio wa busara ni kuanza na yasiyoumiza. Kubadili mkao wa mama, kusogeza spekulamu, kujaza au kupunguza mkojo. Kisha kubadili mpira. Kisha ultrasaundi juu ya tumbo ili aone ncha inakwenda wapi. Koleo la kushika mlango wa kizazi liwe la mwisho, kwa sababu linauma na linaamsha mikazo ya mfuko. Anayefikia koleo kabla ya kujaribu kitu kingine ana haraka, hana sababu.

Kinga bora ni jaribio la njia kabla ya mzunguko wenyewe: mpira mtupu unapitishwa siku nyingine, urefu na mwelekeo wa mfuko unaandikwa, na mpira utakaofaa unajulikana. Kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa mlango wa kizazi, au kipimo cha HSG kilikuwa kigumu kuingia, omba jaribio hili bila kusubiri kuambiwa.

Neno kuhusu kujiwekea nyumbani

Wapo wanaotumia bomba lisilo na sindano kuweka shahawa ndani ya uke nyumbani. Ndani ya uke, kwa bomba safi na kwa mwenzi aliyepimwa magonjwa ya zinaa, kunafanana na tendo la ndoa na hakuzidi hapo. Kupitisha mpira kwenye mlango wa kizazi nyumbani ni jambo jingine kabisa. Usifanye, na usikubali mtu yeyote akufanyie. Shahawa zisizooshwa ndani ya mfuko zinaweza kuleta mikazo mikali na maambukizi, na maambukizi yakifika kwenye mirija yanaweza kuiziba, ukawa umejiharibia kile kile ulichokuwa unakitafuta.

Hatua ya 8: Baada ya kuwekewa

Kulala chali baada ya kuwekewa kumezua mjadala kuliko kunavyostahili. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliolala dakika 15 walipata mimba zaidi kuliko walioinuka papo hapo. Utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo, wa mwaka 2017, haukuona faida yoyote. Kwa hiyo kama kitanda kipo, lala kidogo upumue. Kama foleni ni ndefu na unaombwa kuinuka, inuka bila hofu. Kuinua miguu ukutani usiku kucha hakuhitajiki.

Unaposimama unaweza kuhisi majimaji yakitoka. Mengi ni maji ya kusafishia na ute, kwa hiyo usirudi mbio kumwambia nesi kwamba mbegu zote zimemwagika. Endelea na kazi zako za kawaida. Tendo la ndoa siku hiyo au kesho yake halina madhara kama mlango haukuumizwa. Dawa ya progesteroni, homoni ya kuutegemeza utando wa mfuko, kama uliandikiwa usiiache kwa sababu tu umesikia maumivu ya tumbo yanayofanana na ya hedhi, kwa kuwa yenyewe huyaleta.

Rudi hospitali haraka ukipata homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au uchafu unaonuka. Na kama ulitumia sindano za kuchochea mayai, tumbo kuvimba haraka, kutapika, mkojo kupungua au kuhema kwa shida ni dharura, hata kama ni usiku.

Kipimo cha mimba subiri siku 14. Sindano ya hCG ni homoni ile ile ambayo kipimo kinaitafuta, na ukipima mapema unaweza kuona mistari miwili iliyotoka kwenye sindano. Furaha ya aina hiyo inaumiza zaidi ikizimika kuliko kungoja.

Hatua ya 9: Soma faili lako kabla ya mzunguko unaofuata

Nafasi ya kushika mimba kwa mzunguko mmoja wa IUI kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20, ikishuka kadiri umri wa mama unavyopanda. Maana yake ni kwamba kukosa mara moja hakusemi chochote kuhusu daktari wala mpira. Mimba nyingi zinazopatikana kwa njia hii hupatikana ndani ya mizunguko mitatu hadi sita ya mwanzo. Aliyepita hapo, au aliye karibu na miaka 40, asing'ang'anie njia moja.

Kabla ya kurudia, omba kukaa na daktari huku faili likiwa wazi, mwangalie pamoja: sindano ilichomwa saa ngapi na mbegu ziliwekwa saa ngapi; kifuko cha yai kilikuwa milimita ngapi; mbegu ngapi zilizotembea baada ya kuosha; mpira uliingia kirahisi au kwa shida, na ulitoka na damu au safi. Kama kila mzunguko ulikuwa na mbegu milioni 1 au 2 tu, kubadili mpira ni kupoteza muda, zungumzieni IVF na uchunguzi wa bwana. Kama mbegu zilikuwa milioni 12, saa zilikaa sawa, na mara mbili mfululizo mpira ulipita kwa shida na kutoka na damu, mwombe daktari aangalie mlango na ndani ya mfuko kwa kamera kabla hujapanda tena kile kitanda.